Kuacha Kazi na Kubaki na Mema Yake

Nimetakiwa niandike machache ya historia kwa ajili ya mkutano wetu. Nimechagua habari ya kuacha kazi, maana wengi tuliosoma pamoja tumefika umri wa kuhamishwa au kuanza kuhesabu miaka ya kustaafu. Mimi mwenyewe karibuni nitakabidhi ofisi niliyoitumikia kwa miaka 19.

Hapa Jambiani jambo hili si geni. Mama zetu walifukia makumbi pwani na kusokota kamba. Mwaka 1989, kilimo cha mwani wa biashara kilipoanza hapa na Paje, wengi wakageukia mwani. Baadaye bahari ilizidi joto, mwani wenye bei nzuri ukawa unakufa, na baadhi yao wakaiacha kazi hiyo pia. Ukizungumza nao, kwanza watakutajia wenzao waliofuatana nao maji yakipwa, na watoto waliowasomesha kwa fedha ile. Habari ya bei ndogo na maumivu ya mgongo huja baadaye.

Katika historia ya nchi yetu, mfano ninaouona bora ni wa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alizaliwa Mkuranga mwaka 1925, akalelewa Unguja, akasoma Mangapwani na Dole, kisha akawa mwalimu. Katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wakati huo watu waliokamatwa katika msako wa mauaji huko Mwanza na Shinyanga waliteswa, na baadhi yao wakafia kizuizini. Yeye hakushiriki katika uovu ule. Hata hivyo alijiuzulu, kwa kuwa wizara ilikuwa yake.

Alipelekwa kuwa balozi nchini Misri. Mwaka 1984, baada ya Mzee Aboud Jumbe kujiuzulu, akawa Rais wa Zanzibar. Mwaka 1985 akapokea urais wa Jamhuri ya Muungano kutoka kwa Mwalimu Nyerere. Novemba 1995, vipindi vyake viwili vilipokwisha, alimkabidhi Benjamin Mkapa akaenda zake. Aliishi zaidi ya miaka 28 baada ya hapo, hadi Februari 29, 2024, akazikwa Mangapwani.

Angependa kulalamika, angekuwa na mengi. Aliipokea nchi yenye uhaba wa bidhaa, na alipofungua milango ya biashara wapo waliomlaumu. Watu wakamwita Mzee Ruksa. Jina hilo hakulikimbia. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2021 kinaitwa *Mzee Rukhsa*. Alipenda kutukumbusha kwamba mtu mwisho wake hubaki kuwa hadithi, basi na ajitahidi iwe hadithi njema.

Lakini tusidhani kwamba kukumbuka mema ni kuficha mabaya. Mzee Jumbe, naye mwalimu, mwaka 1994 alichapisha kitabu juu ya Muungano na matatizo yake. Alifanya vyema, kwani kasoro isiyoandikwa hairekebishiki. Ninavyoona mimi, kila jambo lina mahali pake. Lililoharibika liingie katika hati ya makabidhiano ili anayekuja alijue. Lililo jema ndilo la kwenda nalo nyumbani. Mzee Mwinyi aliweza kubaki na mema kwa sababu deni la wizara yake alililipa siku ileile alipotoka.

Mimi nami ninalo langu. Kipo cheo nilichokingojea, akapewa aliyekuja nyuma yangu. Niliandika barua kwa utaratibu, nikajibiwa, na barua zote mbili zimo katika faili. Huko zitabaki. Nitakaowachukua mimi ni karani mzee aliyenifundisha kazi, wenzangu tuliokesha pamoja tukifunga hesabu za mwaka, na mjane mmoja wa shamba aliyepata haki ya mumewe baada ya kupanda ngazi zetu mara nyingi.

Vijana, mema ya kukumbukwa hayatafutwi siku ya kuaga. Yafanyeni mngali kazini, na kwa sasa kazi yenu ni masomo.