Mbinu za Freinet

Mbinu za Freinet ni taratibu za kufundishia katika shule ya msingi zilizobuniwa nchini Ufaransa na mwalimu Célestin Freinet (15 Oktoba 1896 – 8 Oktoba 1966) pamoja na walimu wenzake kuanzia miaka ya 1920. Zinajulikana hasa kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: darasa hutoka nje kwa miguu kutazama kazi za watu na mazingira, wanafunzi huandika wenyewe walichokiona, na maandishi hayo huchapwa na watoto kwa mashine ndogo kisha kutumwa kwa wanafunzi wa shule nyingine.

Freinet alipendelea neno "mbinu" kuliko "mfumo". Kwa maoni yake, mfumo uliokamilika hugeuka amri inayofuatwa bila kufikiri, lakini mbinu hubadilishwa na mwalimu kulingana na watoto alio nao.

## Chanzo

Freinet alizaliwa Gars, kijiji cha wakulima katika milima ya Alpes-Maritimes, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Alikuwa akisomea ualimu mjini Nice Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Aliitwa jeshini, na Oktoba 1917 alijeruhiwa vibaya pafu katika mapigano ya Chemin des Dames. Baada ya matibabu ya muda mrefu alipangiwa kazi mnamo Januari 1920 katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kwenye shule ya wavulana yenye madarasa mawili tu. Yeye alipewa watoto wadogo.

Ualimu wa wakati ule ulihitaji sauti. Mwalimu alisimama mbele, akaeleza, akasomesha kwa kuitikizana na kuwanyamazisha wenye kelele. Freinet hakuwa na pumzi ya kufanya hivyo kutwa nzima, na baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba udhaifu huo ndio uliomlazimisha kutafuta namna nyingine ya kufundisha. Maelezo hayo hayatoshi peke yake, kwa kuwa walimu wengi walirudi kutoka vitani na majeraha wakaendelea kufundisha kama zamani. Freinet alikuwa pia msomaji wa Rousseau na Pestalozzi. Mwaka 1922 alitembelea shule za majaribio za Hamburg, Ujerumani, na mwaka 1923 alihudhuria mkutano wa elimu mpya huko Montreux, Uswisi. Huko alisikia mawazo aliyoyapenda, lakini aliona kwamba mengi yalitegemea vifaa na majengo ambayo shule ya kijiji chake isingeyapata kamwe.

## Matembezi ya darasa

Jambo lisilohitaji fedha lilikuwa kufungua mlango. Freinet alianza kuwatoa wanafunzi wake nje, wakazunguka kijijini na mashambani. Walisimama kwa mfumaji, kwa seremala, kwa mhunzi; walitazama mimea, wadudu na mto, na waliokota mawe na majani ya kurudi nayo. Mtoto aliyekuwa mzito wa kusoma darasani aliweza kuwa ndiye anayejua jina la kila mdudu. Kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuhusu shule hiyo ni cha mashindano ya konokono: watoto waliwaweka konokono wao kwenye mstari, wakashangilia, na habari ya mashindano hayo ikawa somo la kusoma la siku ile.

Matembezi ya namna hii hayakuwa mandari. Darasa liliporudi, yaliyoonekana yaliandikwa ubaoni kwa maneno ya watoto wenyewe, yakasomwa na kunakiliwa. Ziara kwa mfumaji iliweza kuzaa hesabu za bei na vipimo vya kitambaa, swali la sufi inatoka wapi, na jingine la kwa nini kazi hiyo inakufa kijijini.

Hata hivyo Freinet aliona kasoro moja ambayo walimu wanaopeleka wanafunzi ziarani wanaifahamu hadi leo. Uchangamfu uliishia mlangoni. Maandishi ya ubaoni yalifutwa jioni, na kesho yake darasa lilifungua kitabu cha kiada kilichozungumzia mambo yasiyohusiana kabisa na yale ya jana. Kwa watoto, somo la kweli lilikuwa lile lililochapwa kitabuni, na matembezi yalibaki kuwa mapumziko.

## Mashine ya kuchapa

Mwaka 1924 Freinet alinunua mashine ndogo ya kuchapa ya mkono. Hakuwa wa kwanza kuitia shuleni; Ovide Decroly alikuwa ameitumia katika shule yake mjini Brussels. Kipya kilikuwa kuifanya iwe mahali pa kitabu cha kiada.

Utaratibu wake ni huu. Wanafunzi husoma mbele ya wenzao maandishi waliyoandika kwa hiari yao, na darasa huchagua moja kwa kura. Maandishi yaliyochaguliwa huandikwa ubaoni na kusahihishwa na wote, mwandishi akiwa na haki ya kukataa mabadiliko yanayoharibu maana yake. Kisha mistari hugawanywa. Kila mtoto hupanga mstari wake herufi moja moja, zikiwa zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mmoja hupaka wino kwa roli, mwingine huweka karatasi, wa tatu hubana, wa nne hutandaza kurasa zikauke. Kila mwanafunzi hubaki na nakala, na nakala hizo zikikusanywa huitwa "kitabu cha maisha" cha darasa.

Kazi hiyo ni ya polepole, na hapo ndipo penye faida yake. Mtoto anayetafuta herufi kisandukuni hawezi kulipita neno haraka haraka, na kosa la tahajia likichapwa huonekana kwenye kila nakala.

## Barua za shule kwa shule

Kuchapa nakala nyingi kulileta swali la nani atazisoma. Kuanzia mwaka 1926 darasa la Bar-sur-Loup lilibadilishana kurasa kwa ukawaida na darasa la mwalimu René Daniel huko Trégunc, Bretagne, karibu kilomita 1,000 upande wa pili wa nchi. Watoto wa milimani walisoma habari za wavuvi wa Atlantiki. Watoto wa pwani walisoma habari za vilima vya kusini. Vifurushi vya vitu vya kila upande vilifuata barua.

Ubadilishanaji huo uliyapa matembezi kazi mpya. Mwanafunzi aliyeulizwa na rafiki wa mbali jinsi jambo fulani linavyofanyika kijijini kwake alilazimika kwenda kuuliza, kupima na kuchora, maana jibu la kubahatisha lingeonekana. Kwa njia hiyo ziara ilipata sababu kabla ya kuondoka na msomaji baada ya kurudi.

Walimu wengine walijiunga. Mwaka 1927 Freinet alitoa kitabu L'Imprimerie à l'école, na walimu waliokuwa wakichapa walifanya mkutano wao wa kwanza mjini Tours. Kikundi hicho kilianzisha ushirika wa kutengeneza na kuuza vifaa, jarida La Gerbe lenye maandishi ya watoto kutoka shule mbalimbali, na kuanzia 1932 mfululizo wa vijitabu uitwao Bibliothèque de travail, ambavyo mtoto angeweza kuvitumia mwenyewe kutafuta habari. Élise Freinet, mwalimu na mchoraji aliyefunga ndoa na Célestin mwaka 1926, alishiriki katika kazi hizo zote na ndiye aliyeandika historia ya miaka ya mwanzo.

## Mgogoro wa Saint-Paul

Mwaka 1928 Freinet na mkewe walihamia Saint-Paul-de-Vence. Jengo la shule lilikuwa chafu na vifaa vilikosekana, na Freinet aliiandama halmashauri ya kijiji kwa madai ya usafi na mahitaji ya wanafunzi. Wakati huohuo mwanafunzi mmoja aliandika ndoto yake: darasa limeasi kwa sababu meya hataki kulipia vifaa vya shule, meya anamchoma mtoto kisu, naye mtoto kwa hasira anamuua. Darasa likaichapa.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Desemba 1932 mabango yenye maandishi hayo yalibandikwa kwenye kuta za kijiji, yakimshutumu mwalimu kwamba anawaharibu watoto. Gazeti la mrengo wa kulia L'Action française lililichukua suala hilo, na ugomvi wa kijiji ukawa habari ya taifa. Baadhi ya wazazi waliwazuia watoto wao kwenda shuleni. Tarehe 24 Aprili 1933 umati uliizingira shule, na muda mfupi baadaye wakuu wa elimu waliamua kumhamisha Freinet, aliyekataa kuondoka kwa hiari.

Tukio hilo lilionyesha ugumu ulio ndani ya mbinu zenyewe. Mtoto akiruhusiwa kuandika anachokiona na anachokiwaza, ataandika pia kuhusu uchafu wa choo, ubahili wa wakubwa na ugomvi wa nyumbani. Maandishi yakibaki daftarini hayamsumbui mtu. Yakichapwa na kusambazwa, yanakuwa neno la hadharani, na anayewajibishwa ni mwalimu.

## Bahari ya Bañuelos

Nchini Hispania mbinu hizi zilipata wafuasi wengi katika miaka ya 1930. Mmoja wao alikuwa Antoni Benaiges, Mkatalani kutoka Mont-roig del Camp, aliyefika mwaka 1934 katika kijiji kidogo cha Bañuelos de Bureba, mkoa wa Burgos. Alinunua mashine ya kuchapa kwa fedha zake, na wanafunzi wake wakaanza kutoa vijitabu.

Kijitabu cha Januari 1936 kilihusu bahari, kikiwa kimeandikwa na watoto ambao hawajawahi kuiona. Kila mmoja alieleza anavyoifikiria: ukubwa wake, kina chake, maji yake. Benaiges aliwaahidi kwamba majira ya joto atawapeleka kwao Katalunya waione kwa macho. Safari hiyo haikufanyika. Uasi wa kijeshi ulianza Julai 1936. Mwalimu alikamatwa tarehe 19 Julai na kuuawa siku chache baadaye, na vijitabu vilivyopatikana kijijini vilichomwa. Habari zake zilianza kujulikana tena baada ya mwaka 2010, wakati kaburi la pamoja la La Pedraja lilipofukuliwa. Filamu El maestro que prometió el mar ya mwaka 2023 inasimulia kisa hicho.

## Shule ya Vence

Baada ya kuondolewa Saint-Paul, Freinet aliacha shule za serikali akajenga shule yake kwenye kilima cha Pioulier huko Vence, iliyofunguliwa mwaka 1935. Watoto wa vibarua na yatima walisoma hapo, na kuanzia 1937 pia wakimbizi wa vita vya Hispania. Kilimo cha bustani, ufugaji na karakana vilikuwa sehemu ya ratiba.

Hapo ndipo taratibu nyingine zilipokomaa. Kila mwanafunzi aliandika mpango wake wa kazi wa wiki. Kwa hesabu na sarufi alitumia kadi zenye majibu, akajisahihisha. Gazeti la ukutani lilikuwa na safu za lawama, pongezi na maombi, nazo zilijadiliwa katika mkutano wa wiki ulioongozwa na watoto wenyewe. Mwalimu alilawamiwa kama mtu mwingine yeyote.

Freinet, aliyekuwa mkomunisti, alikamatwa Machi 1940 na kuwekwa kambini hadi Oktoba 1941. Mwaka 1947 wafuasi wake waliunda taasisi ya ICEM, na mwaka 1957 shirikisho la kimataifa la FIMEM. Filamu L'École buissonnière ya Jean-Paul Le Chanois (1949), iliyotokana na maisha yake, iliwafikia watu ambao wasingesoma kitabu cha ualimu.

## Uhakiki

Lawama hazikutoka upande wa kulia pekee. Mwaka 1950 waandishi wa Chama cha Kikomunisti, akiwemo Georges Snyders, walidai kwamba shule inayoanzia kwenye mapendeleo ya mtoto inamwacha mtoto wa mfanyakazi na yale yale aliyonayo nyumbani, ilhali anachohitaji ni elimu asiyoweza kuipata kwingine. Hoja hiyo ina uzito. Mtoto wa mfumaji hahitaji shule ili aone kitanda cha mfumi. Wafuasi wa Freinet hujibu kwamba kuona hakutoshi bila kuulizwa, kuandika na kusomwa na mgeni, na kwamba kijana wa Bar-sur-Loup aliijua Bretagne kwa barua kuliko kwa ramani.

Walimu wa mijini walikuwa na lalamiko jingine. Mbinu zilizozaliwa katika kijiji chenye karakana mlangoni hazihamishiki kirahisi kwenye shule ya ghorofa yenye watoto wengi. Fernand Oury, aliyefundisha pembezoni mwa Paris, aliachana na kikundi cha Freinet mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanzisha mkondo wake mwenyewe.

Kipimo cha karibuni kilifanyika Mons-en-Barœul, karibu na Lille, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini ambako shule nzima ilikabidhiwa walimu wa mbinu hizi mwaka 2001. Watafiti wakiongozwa na Yves Reuter waliifuatilia kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2007: ugomvi ulipungua na matokeo ya wanafunzi yaliboreka.

Shule ya Vence ilinunuliwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1991 na inaendelea kufundisha ikiwa shule ya umma.