Masasi Bondeni, Newala Juu

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi huwa na uwanda wa juu wa Makonde mkono wa kushoto kwa sehemu kubwa ya njia. Masasi yenyewe haiko juu ya uwanda huo, ingawa wengi hudhani hivyo. Iko chini, magharibi yake, kati ya vilima vya mawe matupu kama Mkomaindo. Newala ndiyo iliyo juu, ukingoni kabisa. Pale Shimo la Mungu ardhi hukatika ghafla, na macho yakateremka hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Nadhani tofauti hiyo ya juu na chini imeamua mengi katika miji hii kuliko serikali yoyote iliyowahi kuitawala.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, bingwa wa sarufi ya Kiswahili, aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Safari ikaishia Masasi, katika nchi ya Wamakua na Wayao; wakajenga, wakalima. Lakini bondeni hakuna pa kujificha. Septemba 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliwavamia, wakaua na kuchukua mateka. Mwaka uliofuata mmisionari Chauncy Maples alihamia Newala kwa Matola, chifu wa Kiyao.

Juu kulikuwa na vichaka vizito na njia za kupanda kwa shida, ngome tosha kwa watu waliochoka kuwindwa. Usalama huo ulilipiwa kwa maji. Chemchemi ziko chini ya mteremko, na vizazi vya wanawake vilishuka na kupanda na mitungi kichwani, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza miaka ya 1950.

Maples husifiwa sana vitabuni. Mimi ningempa nafasi kubwa zaidi Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akalelewa na misheni Unguja, akasoma chuo cha Kiungani hukohuko, kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 akawa padri Mwafrika wa kwanza wa UMCA. Kwa miaka kumi na zaidi alihudumu Chitangali, kwa chifu Nakaam, akihubiri kwa lugha ya mama yake mahali ambapo wageni walihitaji mkalimani. Maples alikwenda zake Nyasa, akafa maji ziwani mwaka 1895.

Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, vilichoma misheni ya Masasi; wamisionari wakakimbilia Lindi. Misheni ya Lukuledi ya Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, nayo iliharibiwa, na mwaka 1906 wakafungua Ndanda. Mwaka huohuo Mjerumani Karl Weule alipanda Newala na kamera na fonografu, akirekodi nyimbo na kupiga picha za vinyago. Alitazama jando kama mtafiti. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, alithubutu zaidi: aliliingiza jando kanisani. Wenzake wengi hawakumwelewa.

Waliofuata ni mchanganyiko wa ajabu kwa wilaya ya mbali hivi. Daktari Leader Stirling alianzia Lulindi katika miaka ya 1930, baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Trevor Huddleston, aliyepinga ubaguzi wa rangi kutoka Sophiatown, Johannesburg, alikuwa askofu hapa 1960 hadi 1968. Benjamin Mkapa, Rais wa 1995 hadi 2005, ni mtoto wa Lupaso, na huko ndiko alikozikwa Julai 2020.

Huddleston akiwa bado Masasi, mwaka 1964, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianza vita dhidi ya Wareno ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wa Msumbiji walivuka kwa maelfu. Wachongaji wa vinyago walikuwa wameutangulia msafara huo kwa miaka mingi, wakitafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Sasa zikavuka familia nzima, zikielekea kwa watu wa kabila lao.