Meli Waliyoichoma Kabla ya Kurudi Kwao

Vitabu vya shule vinampeleka Vasco da Gama hadi Calicut, kisha ghafla tunaambiwa Wareno "wakarudi." Neno moja tu, basi. Mimi naona hapo ndipo habari inapoanza kunoga, na inapita karibu kabisa na kwetu Dabaso, manake kutoka hapa hadi Malindi ni mwendo mfupi tu wa matatu.

Kwenda kulikuwa rahisi. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na rubani waliyepewa na mfalme wa pale, kusi inaanza kuvuma. Siku 23 hivi, wakaiona India. Kurudi ndiko kulikowatoa jasho. Waliiacha pwani ya India mapema Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Mzee yeyote wa Mida angewaambia, ngojeni kwanza. Hawakungoja. Wakaelea miezi mitatu kasoro siku chache, ufizi ukavimba hadi ukafunika meno, na watu kama 30 wakafa. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, kila meli ilikuwa na mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Wakaomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa, wakaletewa.

Sasa hesabu ikawa mbaya: meli tatu, na watu hawatoshi. Basi wakashuka kusini, wakapita Mombasa, na kwenye mafungu karibu na Mtangata, upande wa Tanga, wakahamisha mizigo ya São Rafael na kuitia moto. Nahodha wake alikuwa Paulo da Gama, kakake Vasco. Hata yeye hakufika kwao. Alikufa njiani, akazikwa kisiwa cha Terceira.

Watu wa huku walikuwa na njia nyingine ya kukiacha chombo. Bahari yetu ina ratiba. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba kuanzia mwisho wa mwaka, na kusi inayarudisha kuanzia Aprili. Ukichelewa, yaani ukafika Juni na Julai bahari imechafuka, huna la kufanya ila kutafuta hori lenye mikoko, uingize chombo na bamvua, na ukiache kikae juu ya matope. Tanga linakunjwa na kuwekwa pakavu. Ubao unakwanguliwa, nyufa zinazibwa kwa kalafati, chini inapakwa deheni, ile shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe. Juu inapakwa sifa, mafuta ya samaki. Harufu yake waulize wanaoijua. Nahodha aliyekosa msimu alikaa karibu mwaka mzima, na mwaka ni mrefu: wengine walioa, na wakati wa kuondoka ulipofika wakawa na nyumba mbili, kila moja ikiitwa nyumbani.

Tuna bahati kwamba mtu mmoja aliandika safari kama hiyo kwa kirefu. Alan Villiers, Mwaustralia, alipanda jahazi la Kuwait mwaka 1938 pale Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Wakaja Mombasa, Zanzibar, mpaka delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko, halafu 1939 wakarudi Kuwait na kusi. Kitu kinachonikaa mimi si dhoruba. Ni kwamba baharia akifika kwao, jahazi likipandishwa pwani kupumzika, yeye hapumziki. Ana deni kwa nahodha, nahodha ana deni kwa tajiri, kwa hiyo baharia anakwenda kuzamia lulu kiangazi chote. Chombo kilikuwa na likizo, mtu hana.

Na kuna jambo ambalo tukikaa kusifia upepo tunalisahau. Karne ya 19, kusi ile ile iliyomrudisha Mmanga kwao ilimtoa mtu mwingine kwao kwa nguvu. Zanzibar wazazi walificha watoto majahazi ya kaskazi yakiwa bandarini. Soko la watumwa la pale lilifungwa 1873, lakini mashamba ya Malindi yaliendelea na watumwa wake, na waliotoroka wakaenda bara, sehemu kama Fuladoyo. Hao hawakungoja msimu.

Biashara ya boriti nayo ilifikia mwisho huku Kenya mwaka 1982, serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje. Jahazi la Ghuba likawa halina mzigo wa kurudi nao. Siku hizi vyombo vya wageni vinavyolazwa viko Kilifi, ndani ya hori, chini ya magofu ya Mnarani: mashua za matanga za wazungu, zimefungwa kwenye maboya, matanga yamevuliwa, wenyewe wamepanda ndege. Kenya iko karibu na ikweta, vimbunga vikubwa havifiki kwa kawaida, kwa hiyo ni pahali pazuri pa kuacha mali. Lakini mtu anayebaki akiitazama, akikwangua magamba ya pwani chini yake, ni wa hapa. Ukinisikia nalisema hili kwa ukali kidogo, ni kwa sababu vitabu vya safari nilivyosoma, nikiwa chuoni na hata baada ya kuacha, vimeandikwa karibu vyote na wale wanaoondoka.

Hata ya São Rafael tunaijua kwa kalamu ya Mreno. Lakini kalamu hiyo ilituachia kitu kidogo kizuri: siku zile wakihamisha mizigo, watu wa Mtangata walikuja na kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili. Halafu wageni wakaondoka na meli mbili. Wenyeji walikuwa wakisafiri kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Na meli ya mbao ikiungua hadi majini, misumari inabaki. Nadhani maji yalipokupwa, kuna mtu alishuka na kikapu.