HABARI ZA JIKO LA PWANI NA MAHALI PA KUWEKEA VYOMBO

Wasomaji wetu wamezoea kusoma habari za wafalme, vita na safari za mbali. Leo twataka kuwaeleza habari za mahali ambapo hapana nyumba isiyokuwa napo, wala waandishi wa historia hawapatazami sana, yaani jiko. Labda mtu atacheka na kusema, Jiko lina historia gani? Mafiga matatu, chungu na moshi, basi. Lakini twaamini ya kuwa akisoma mpaka mwisho ataliona jiko la nyumbani kwake kwa macho mengine, na huenda akashika kipimo na nyundo, kama sisi tulivyofanya baada ya kuaibika.

Aibu yetu ilikuwa hii. Tulipojenga nyumba yetu tulichora ramani kwa mkono wetu wenyewe. Sebule tuliipa madirisha mawili yanayotazama barabara, tukanunua kabati la mninga lenye vioo, na ndani yake tukapanga vikombe kumi na viwili na sahani za maua. Jiko tulilipa mahali palipobaki, nyuma ya ua, kibanda kisicho na dirisha. Vikombe vile havikuguswa ila walipokuja wageni. Lakini mwenzetu wa nyumbani, aliyepika kila siku, aliweka unga juu ya sanduku, chumvi katika chumba cha kulala, na sufuria chini penye mchanga na kuku. Siku moja mama yetu alikuja kututazama kutoka kijijini, akakaa jikoni asubuhi nzima akisaidia kazi. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mwanangu, vikombe umevijengea nyumba, na mkeo umemjengea tanuri."

Neno hilo lilituingia. Ndipo tulipoanza kuuliza, Je, wazee wetu walifanyaje?

Kwanza yafaa tujue ya kuwa jiko hufuata chakula. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamechungua punje zilizoungua katika majivu ya miji ya kale ya Pemba, ng'ambo ya bahari yetu ya Tanga. Mahali paitwapo Tumbe, mji wa karne ya 7 hata ya 10, waliona mawele kwa wingi. Chwaka, mji uliofuata tangu karne ya 11, waliona mpunga umeshika nafasi kubwa. Basi twaweza kufahamu jinsi kazi ya jikoni ilivyobadilika. Mawele hutaka kinu na mchi na jiwe la kusagia. Wali wa pwani hutaka ungo wa kupepetea, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, na chungu kipana chenye mkungu wa kufunikia. Vyombo vikizidi, mahali pa kuviweka hapana budi pazidi.

Nao wazee walipapata mahali hapo bila ya mbao wala msumari. Chombo kimoja kiliitwa susu, nacho ni wavu wa kamba uliotundikwa katika boriti, ambao ndani yake viliwekwa vyungu na vibia vyenye chakula, panya wasivifikie. Miiko na pawa zilichomekwa makutini au ukutani, karibu na mkono wa mpishi. Sahani ya chakula ilifunikwa kawa la ukindu. Mtungi wa maji ulikaa kivulini, na kata ya kifuu juu ya kifuniko chake. Kwa jirani zetu wa milimani, kama Wasambaa, jiko lilikuwa ndani ya nyumba, na juu yake palikuwa na uchaga au dari ya kuwekea mahindi. Moshi ule unaotutoa machozi ndio uliokausha nafaka na kuwafukuza fukusi. Tazameni basi, kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila mahali palikuwa na sababu yake: panya, mvua, wadudu, au urefu wa mkono wa mama.

Lakini pwani palikuwa na namna ya pili ya kuweka vyombo, na hii ndiyo iliyozaa kabati letu lenye vioo. Mtu akienda Tongoni, kama kilomita 17 kusini ya mji wa Tanga katika njia ya Pangani, ataona magofu ya msikiti na makaburi mengi yenye nguzo. Mahali hapo palikuwa mji wenye watu na mali katika karne za 14 na 15. Mwezi wa Aprili 1498 jahazi moja la Vasco da Gama lilipanda mwambani karibu na hapo, na watu wa pwani wakawajia Wareno kwa mitumbwi na kuwaletea machungwa. Katika makaburi kama hayo ya pwani waashi waliacha vishimo vya kutilia mabakuli na sahani za Kichina, ili apitaye amheshimu aliyelala pale. Na katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa za karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zilipambwa kwa zidaka, safu kwa safu, na ndani yake vyombo vya Kichina vilipangwa kwa fahari. Jiko la nyumba hizo aghalabu liliwekwa juu kabisa, penye sakafu ya paa, ili moshi uende zake na upepo.

Basi tangu zamani pwani yetu ilijua kuweka kwa namna mbili: kuweka kwa ajili ya macho, na kuweka kwa ajili ya kazi. Kidaka kilikuwa cha macho. Susu na uchaga vilikuwa vya kazi. Namna zote mbili zilikuwa na heshima yake, na mwenye nyumba mwema hakusahau moja kwa kupenda nyingine.

Vyombo vipya vilikuja na watu wapya, na lugha yetu imetunza ushuhuda wake. Sufuria na rafu ni maneno ya Kiarabu. Meza ni neno la Kireno. Debe ni neno la Kihindi, nalo lilienea pamoja na mafuta ya taa. Mafuta yakiisha, bati lile likawa chombo cha maji, kipimo cha mahindi, na ghala ndogo ya unga isiyoingia panya. Kabati ni neno la Kiingereza. Lakini jiko, figa, chungu na mwiko ni maneno yetu wenyewe. Hivyo mtu akitaja vyombo vya jikoni kwake, ametaja historia ya Bahari ya Hindi.

Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge Pangani. Watu wengi wakaja kufanya kazi ya mshahara, na mji wa Tanga ukakua. Ngamiani, penye barabara zinazoitwa kwa hesabu, ilijaa nyumba za ukumbi wa katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mara nyingi jiko moja lilitumiwa na wapangaji wengi. Kila mmoja alihofia vyombo vyake, akavirudisha chumbani chini ya kitanda. Kwa hiyo susu ilitoweka, maana haitundikwi mahali pasipo pa mtu. Na mafundi walipoanza kutengeneza makabati, wenye mshahara waliyaweka wapi? Barazani na sebuleni! Kidaka kilipata mrithi, lakini susu haikupata.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana huko Ulaya na Marekani nako jiko lilisahauliwa vivyo hivyo mpaka walipotokea watu wa kulipima. Huko Marekani bibi mmoja, Christine Frederick, alianza mwaka 1912 kuwaandikia wanawake ya kuwa wahesabu hatua wanazotembea wakipika, na wapange vyombo kwa kufuata mwendo wa kazi. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, Bibi Margarete Schütte-Lihotzky wa Austria alichora jiko dogo lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, akatazama mfano wa majiko ya behewa la chakula katika treni, ambamo mpishi hageuki mara mbili bila sababu. Meza ya kazi aliiweka chini ya dirisha, mbele yake kiti. Mchele, sukari na vitu kama hivyo vilipata visanduku vya alumini vyenye majina. Unga ulipata droo za mti wa mwaloni, kwa sababu wadudu hawaupendi mti huo. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Msomaji ataona ya kuwa mwaloni wa Frankfurt na moshi wa uchaga wa Usambara vilitafuta jambo moja.

Tena, mkuu wa kazi hiyo ya Frankfurt, Bwana Ernst May, alikuja Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima katika nchi ya kaskazini, kisha akafanya kazi ya kuchora majengo Nairobi. Jengo la chama cha ushirika cha KNCU huko Moshi, katika njia ya reli ile iliyoanza Tanga, ni kazi yake.

Lakini tusiige kila kitu. Jiko la Frankfurt lilifanywa kwa mtu mmoja peke yake, na wengi walilalamika ya kuwa wawili hawaenei. Jiko letu ni la watu wengi. Mmoja akuna nazi, mmoja achagua mchele, mtoto apuliza moto, na jirani aleta habari. Wahenga walisema, Jifya moja haliinjiki chungu. Jiko linalomfungia mke peke yake si jiko la pwani.

Wala jambo hili si la urembo tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa maradhi yaletwayo na moshi wa majumbani. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wapike kwa nishati safi. Hilo ni jema sana. Lakini mtungi wa gesi ukiletwa katika kibanda kisicho na dirisha, penye sufuria chini na unga juu ya sanduku, nusu ya kazi bado haijafanywa.

Nasi tulifanya hivi. Tuliketi mlangoni tukahesabu hatua za mwenzetu akipika ugali na samaki. Tulipopita mia mbili tuliacha kuhesabu kwa haya. Tukamwuliza yeye, maana mwenye jiko ndiye mwenye kujua. Akatwambia, Nafaka iwe karibu na mlango inapoingilia, kisha maji, kisha meza ya kukatia, kisha moto, na sahani ziwe upande wa kutokea, ili kazi iende njia moja kama maji mferejini. Tulifungua dirisha upande wa kusi na tundu la moshi upande wa pili. Moto tuliuinua juu ya kizimba cha matofali, asiiname na mtoto asiufikie. Rafu za juu hazipiti urefu wa mkono wake. Miguu ya meza tuliitia katika vikopo vya maji kwa ajili ya sisimizi, kama walivyofanya wazee.

Na kabati la vioo? Tuliliondoa sebuleni tukaliweka jikoni. Vikombe vile kumi na viwili sasa ni vitisa, maana vyatumika kila siku. Mama alipokuja tena aliketi jikoni mpaka adhuhuri, akatoka macho yake meupe, asiseme neno. Alitaka tu kujua ile susu yake ya zamani tutaitundika wapi. Tulikuwa tumekwisha kumwachia ndoano katika boriti.