Onyo na Uzito Wake: Kutoka Tandale hadi Nyaraka za Python

Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani Tandale na kata nyingine za jiji la Dar es Salaam, wakiongozana na wakazi, kuchora nyumba, vichochoro na mitaro. Mradi huo, Ramani Huria, ulizaliwa na mafuriko. Yale ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na wengi waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Pasipo ramani ya mitaro, ni vigumu kusema kwa hakika maji yatapita wapi.

Michoro hiyo huingizwa kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap kwa programu kama JOSM, na hapo ndipo linapoanza suala la makala haya. Kabla kazi haijapakiwa, JOSM huikagua na kutoa orodha yenye madaraja matatu: makosa, maonyo na mengineyo. Tandale paa la nyumba hii hugusana na la jirani. Ukichora kwa kufuata picha ya droni, programu inaonya kwamba majengo yanaingiliana. Mtaro ukikatiza kichochoro pasipo daraja wala kalavati, inaonya tena. Maonyo hayo ni ya haki kwa mujibu wa kanuni zilizowekwa, ila kanuni zenyewe zinatarajia nyumba zilizoachana na barabara zenye makalavati. Katikati ya mistari hiyo ya maonyo huenda umo mmoja unaosema kwamba ncha ya mtaro imeishia karibu na mtaro mwingine bila kuungana nao. Huo ndio unaoharibu hesabu ya mafuriko, na ndio rahisi kupitwa na jicho lililokwisha kuchoka.

Wanaoandika nyaraka za programu wanaifahamu hali hiyo vizuri. Nyaraka za lugha ya Python hutengenezwa kwa Sphinx, chombo kilichotolewa mwaka 2008. Sphinx hulalamikia ukurasa usiotajwa kwenye yaliyomo, kiungo kisichofika popote, hata kichwa cha habari ambacho mstari wake wa chini ni mfupi kuliko maneno. Mwenye mradi ana njia mbili zinazokabiliana. Akiongeza -W kwenye amri, onyo lolote linahesabiwa kuwa kosa na kazi inakataliwa. Akitaka utulivu, anaweza kuandika kwenye mipangilio aina ya onyo asiyotaka kuisikia. Njia hii ya pili ina adabu yake: anayenyamazisha hutaja kwa jina anachokinyamazisha.

Lugha ya Java ilianzia upande wa pili. Toleo la 8, lililotoka Machi 2014, liliwasha tangu mwanzo ukaguzi mkali ndani ya Javadoc, chombo chake cha kutengeneza nyaraka. Maelezo yaliyokuwa yakipita kwa miaka, mfano alama ya HTML inayojifunga yenyewe, yakawa makosa ya kusimamisha kazi. Nia ilikuwa njema, kwani ukaguzi huo huangalia hata kama nyaraka zinamfaa msomaji asiyeona. Hata hivyo, wengi wenye miradi ya zamani waliongeza -Xdoclint:none, wakazima kila kitu kwa mkupuo, ingawa chombo kina makundi matano ya ukaguzi yanayoweza kuzimwa moja moja. Sphinx ililegeza kwanza, ikauachia mradi ujikaze wenyewe. Java ilikaza kwanza, ikawaachia watu walegeze. Hakuna iliyopuuza ubora. Zilitofautiana juu ya nani abebe mzigo wa kuanza.

Watunzi wa lugha ya Go walichagua njia ya tatu: mkusanyaji wao (compiler) hana daraja la maonyo kabisa. Jambo ama ni kosa ama si kosa, na kifurushi kilichoitwa bila kutumiwa huzuia programu isijengwe. Nyaraka zake nazo ni maelezo ya kawaida yenye alama chache, hivyo ya kukosea si mengi. Msimamo huo unafaa pale kanuni na uhalisia vimetungwa na mkono mmoja. Kwenye ramani ya makazi haufai. Paa zinazogusana huenda ni kosa la mchoraji, huenda ndivyo nyumba zilivyo, na anayejua ni yule aliyefika mtaani.

Pwani yetu ina desturi yake ya kale. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: pembe haikupulizwa kwa kila habari, ndiyo maana watu waliacha shughuli wakakusanyika. Uzito wake ulitokana na uchache wake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania haina nafasi hiyo. Mvua za masika huja kila mwaka, nayo lazima iseme mara kwa mara. Kwa hiyo inapanga: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Onyo lilikuwa na kitendo kilicholifuata. Tofauti na JOSM iko wazi: JOSM hupanga kwa kuangalia kanuni iliyovunjwa, Mamlaka hupanga kwa kuangalia pia madhara yatakayowapata watu.

Lipo pia suala la kumbukumbu. Ukiamua kupuuza onyo ndani ya JOSM, uamuzi huo hubaki kwenye kompyuta yako. Mwenzako wa Keko akifungua eneo lile lile ataonywa upya, bila kujua kwamba wewe ulifika ukahakikisha. Watunzaji wa nyaraka za Python walilitatua jambo kama hilo kwa namna inayostahili kuigwa. Mwaka 2023 waliweka ndani ya mradi wenyewe utaratibu wa kukagua maonyo, pamoja na orodha ya mafaili yenye maonyo ya siku nyingi. Faili lililomo kwenye orodha halisimamishi kazi. Lisilomo likitoa onyo, kazi inarudishwa. Na faili likisafishwa, ni lazima liondolewe kwenye orodha, ili uchafu usirudi kimyakimya. Deni la zamani linajulikana kwa kila mmoja, na deni jipya halipokelewi.

Zikiwekwa pamoja, mila hizi zinakubaliana kuliko inavyoonekana. Mbiu inatufundisha kuheshimu usikivu wa watu, Mamlaka inatufundisha kupanga kwa madhara, Sphinx kutaja jina, na Python kuweka kumbukumbu mahali ambapo wote wanaiona. Kuzima maonyo yote kwa mkupuo hakumo katika mafundisho ya yeyote kati yao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayeandika programu Kijitonyama, Sinza au Mbagala, usizime yote. Andika orodha ya maonyo ya zamani, iweke ndani ya mradi, na kwa kila unalolipuuza andika sababu kwa sentensi moja. Kisha kataa jipya lolote lisiloelezwa. Atakayeipokea kazi hiyo baada yako atajua lipi ulilipima na lipi bado linamsubiri.