Trekta mpya: Umwite muuzaji au ushike spana?

MKULIMA anayenunua trekta mpya hukabidhiwa ufunguo na kijitabu cha dhamana. Ufunguo huanza kazi siku hiyo hiyo, lakini kijitabu aghalabu hufungiwa sandukuni hadi mashine iharibike.

Hapo ndipo swali huzuka. Je, amsubiri fundi wa kampuni iliyomuuzia, au aikarabati mwenyewe akisaidiwa na fundi wa jua kali aliye karibu?

Katika kaunti za Trans Nzoia na Uasin Gishu, swali hili si dogo. Mashamba hulimwa wakati wa kiangazi ili mahindi yapandwe mvua ya Machi na Aprili inapoanza. Trekta ikilala wiki mbili wakati huo, hasara kubwa si bei ya kipuri bali ni msimu wenyewe.

Dhamana hudumu kwa miezi kadhaa au kwa idadi fulani ya saa za kazi, kutegemea kitakachotangulia kwisha. Saa hizo husomwa kwenye mita iliyo mbele ya dereva.

Kwa trekta nyingi, huduma ya kwanza hutakiwa baada ya saa 50. Trekta inayolima saa 10 kwa siku hufikisha kiwango hicho kwa siku tano tu. Anayengoja msimu uishe ndipo aite fundi huenda akawa amevunja masharti bila kujua.

Huduma hiyo ina sababu. Vyuma vipya vinaposuguana huacha chembe ndogo ndani ya oili, na chembe hizo zisipoondolewa huendelea kuvila vyuma vingine.

Hata hivyo, dhamana haigharamii kila kitu. Kwa kawaida hushughulikia kasoro za kiwandani, wala si vitu vinavyochakaa kwa matumizi kama vile magurudumu, mikanda, vichujio na klachi. Uharibifu unaotokana na dizeli chafu au kukosa maji ya kupoza injini pia huwa juu ya mwenyewe.

Kwa hivyo, kazi za kila siku ni za mkulima: kupima oili na maji, kupaka grisi, kukaza nati, kupangusa vumbi kwenye kichujio cha hewa na kumwaga maji yaliyotuama katika kichujio cha dizeli. Kuzifanya hakuvunji dhamana. Kutozifanya ndiko huivunja.

Lakini maadamu dhamana ingalipo, injini, giaboksi, pampu ya dizeli na mfumo wa haidroliki visifunguliwe na mtu asiyeidhinishwa. Muuzaji akikuta vimefunguliwa, atapata sababu ya kukataa kulipa. Trekta zinazoendeshwa kwa kompyuta huhitaji pia programu maalumu ili kutambua hitilafu, na fundi wa kijijini huenda asiwe nayo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila huduma iandikwe tarehe, saa zilizosomwa kwenye mita na kazi iliyofanywa, na risiti za oili na vipuri zihifadhiwe. Bila ushahidi huo, ni vigumu kumshinda muuzaji anayedai kwamba trekta ilitelekezwa.

Dhamana ikishakwisha, hesabu hubadilika. Fundi mwenye ujuzi, aliye karibu na anayetoza ada nafuu, huenda akafaa zaidi kwa kazi nyingi, mradi vipuri vinunuliwe kwa wauzaji wanaoaminika. Kichujio ghushi cha bei ya chini chaweza kuua injini ya mamilioni ya shilingi.

Wakati bora wa kuamua, basi, ni kabla ya kutia sahihi. Mnunuzi aulize: fundi yuko mji gani? Nauli yake italipwa na nani? Atafika baada ya siku ngapi? Je, vipuri vipo nchini au huagizwa ng'ambo? Majibu yaandikwe katika mkataba, kwani ahadi ya mdomo haitalima shamba mvua itakapoanza kunyesha.