Noti za Vita na Neno Hela

Reli ya Kati, ipitayo Vingunguti kuelekea bara, ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo vita vikuu vikazuka. Manowari za Waingereza zikafunga bahari, na fedha kutoka Ujerumani zikakatika.

Mwaka 1915 benki ya wakoloni ikatoa noti za muda, zilizochapwa Dar es Salaam kwa karatasi za namna mbalimbali. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ikafua heller za shaba na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke. Mwaka 1917, porini, noti zikapigwa kwa mihuri ya mpira.

Je, mkulima aliyeuza mtama akapewa noti alishika nini? Alishika ahadi. Benki iliahidi kulipa katika ofisi zake za humu nchini. Lakini utawala wa Wajerumani ukashindwa, na ofisi hizo zikatoweka. Dhahabu ilibaki dhahabu. Noti ikawa karatasi tu.

Heller imetuachia neno hela. Noti zimetuachia funzo: thamani ya fedha ni uaminifu wa aitoaye. Ndiyo maana tangu 1966 Benki Kuu yetu wenyewe imebeba dhamana hiyo.